Faiba ya Vijijini Ayalandi: Mtandao Mzuri, Foleni Inayochosha

Anayetaka jibu kabla ya maelezo alipate hapa: faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo unaopitisha mwanga, inayosambazwa vijijini Ayalandi na kampuni ya National Broadband Ireland, maarufu kama NBI, ni huduma ya kuaminika ikishaingia ndani ya nyumba. Kifurushi cha chini kabisa ni megabiti 500 kwa sekunde, mvua haiigusi, na umbali kutoka mjini hauipunguzi kasi. Huduma yenyewe tunaipa tisa kati ya kumi. Safari ya kuifikia tunaipa nne, kwa sababu mteja hutajiwa tarehe bila kuelezwa tarehe hiyo inategemea nini, kisha inasogezwa mbele naye hajui kwa nini. Hata hivyo, wiki nyingi hupotea ndani ya kiwanja cha mteja mwenyewe, na hizo zinaweza kuokolewa. Ndiyo maana tutakaa zaidi kwenye mita za mwisho kuliko kwenye siasa za mpango mzima wa serikali wa kufikisha intaneti vijijini.

Kwanza ujue uko upande gani wa ramani. Ingiza Eircode yako, yaani namba ya posta yenye herufi na tarakimu saba, kwenye tovuti ya NBI. Ramani ya mpango imegawanyika kwa rangi. Ukiwa kwenye eneo la kaharabu (manjano iliyokolea), NBI inawajibika kwa mkataba kukufikishia faiba hata kama nyumba yako iko peke yake mwisho wa njia. Ukiwa kwenye buluu, serikali imehesabu kuwa kampuni za biashara zitakuhudumia zenyewe, kwa hiyo NBI haikuhusu. Waulize eir, SIRO au Virgin Media. Kuna na buluu hafifu: hizo ni nyumba 300,000 za vijijini ambazo eir iliahidi mwezi Aprili 2017 kuziunganisha kwa fedha zake, zikaondolewa kwenye mpango wa serikali.

Mstari huo wa buluu hafifu ndio chanzo cha malalamiko mengi. Faiba ya eir inatoka mjini, inafuata barabara, inapita nyumba baada ya nyumba, halafu inakatika kwenye nguzo fulani. Aliye upande wa huku ana intaneti ya kasi miaka kadhaa sasa. Aliye nguzo mbili mbele yuko kwenye kaharabu na bado anahangaika na waya wa shaba wa simu ya zamani. Hakuna fundi aliyemsahau. Mstari ulichorwa pale ambapo hesabu ya biashara ilikoma, na NBI ikaachiwa zile nyumba zilizo ghali zaidi kufikia. Kama ramani inasema uko buluu lakini kila mtoa huduma anakukatalia, omba jibu lao kwa maandishi, kisha uliambatanishe na Eircode yako unapoiandikia wizara inayosimamia mawasiliano. Makosa ya ramani yapo, ila simu ya malalamiko isiyo na ushahidi haiyasahihishi.

Ukubwa wa kazi unaeleza sehemu ya ucheleweshaji. Eneo la kaharabu lina takriban asilimia 96 ya ardhi ya nchi na watu kama milioni 1.1. Mkataba ulitiwa saini tarehe 19 Novemba 2019 kwa ruzuku ya serikali isiyozidi yuro bilioni 2.7 kabla ya kodi, ukihesabu majengo 537,000. Sasa yamepita 560,000 kwa kuwa nyumba mpya nazo huingizwa. Mpango wenyewe ulitangazwa mwaka 2012. SIRO ilijitoa kwenye zabuni Septemba 2017, eir ikafuata Januari 2018, akabaki mzabuni mmoja. Kwa hiyo mwanakijiji wa 2020 alikuwa ameshasubiri miaka minane kabla nguzo ya kwanza haijaguswa. Janga la korona likaongeza lake: lengo la kupitia nyumba 115,000, yaani kufikisha faiba kwenye barabara zake, kufikia mwisho wa Januari 2022 lilishushwa hadi 60,000, na hata hilo halikufikiwa. Tangu hapo kasi imekuwa ya kuridhisha. Mwanzoni mwa 2025 zaidi ya nyumba 300,000 zilikuwa zimepitiwa, na ratiba inalenga kumaliza mwisho wa 2026.

Kinachokawiza zaidi barabarani ni mambo ya kale. NBI haisimamishi nguzo zake kila mahali. Inakodi nguzo na mabomba ya eir, uamuzi wa busara ambao umeokoa fedha nyingi. Lakini nguzo iliyobeba waya mmoja wa simu kwa miongo kadhaa lazima ikaguliwe, na iliyooza ibadilishwe. Mabomba ya chini ya ardhi yaliyowekewa shaba mara nyingi yamepondeka au yamejaa tope. Matayarisho hayo hufanywa kwanza, ndipo mkandarasi wa NBI aje kutundika faiba. Bomba moja lililoziba chini ya daraja linaweza kuzuia njia nzima, huku kijiji cha kilomita mbili kutoka hapo kikiwa kimeshaunganishwa.

Sasa, maneno ya kwenye tovuti. Kuna tofauti kubwa kati ya nyumba iliyopitiwa na nyumba iliyounganishwa. Kupitiwa maana yake faiba iko barabarani na unaweza kuagiza. Waya wa kuingia kwako haujavutwa. Kabla ya nyumba kupitiwa kuna upimaji, usanifu, ujenzi, kuunganisha nyuzi kwa joto na kujaribu mwanga. Hatua ya upimaji usiipe uzito: kuona watu wenye vizibao vya rangi kali wakipiga picha nguzo hakuonyeshi chochote kuhusu tarehe. Ishara ya kuaminika iko juu. Ukiona kwenye nguzo ya karibu kisanduku kipya cheusi na mizingo ya waya mweusi iliyofungwa vizuri kando yake, jua ujenzi umekufikia na zimebaki kazi za kuunganisha na kupima. Hata hapo usitarajie wiki ijayo, maana sehemu nzima ya mtandao lazima ipimwe ndipo ifunguliwe kwa maagizo. Jiandikishe kwenye tovuti upate taarifa kwa barua pepe. Ni bure, na haikusogezi mbele kwenye foleni. Hakuna malipo yanayokusogeza mbele.

Wakati wa kusubiri ndio wakati wa kutengeneza njia ya waya. Kwa kawaida faiba hufuata njia ileile ya simu ya zamani: kama shaba yako inatoka nguzoni ikiwa hewani, faiba nayo itapita hewani, kama inapita chini, fundi atatafuta bomba.

Kwa njia ya hewani, adui ni matawi. Simama kwenye kona ya nyumba inapoingia simu, tazama mstari ulionyooka hadi nguzoni, na ukate kila kitu kinachoukaribia, ukiacha nafasi ya ukuaji wa misimu kadhaa. Angalia kalenda: Sheria ya wanyamapori ya 1976 pamoja na marekebisho yake inakataza kukata ua wa vichaka na miti ya mipakani kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ukiambiwa mwezi Aprili kuwa fundi ameshindwa kwa sababu ya miti, huenda ukasubiri hadi Septemba. Kata kati ya Septemba na mwisho wa Februari. Kama tawi liko karibu na waya wa umeme, usiliguse. Piga simu ESB Networks, kampuni inayosimamia nyaya za umeme. Na kama una miti ya ash inayokufa kwa ugonjwa wa kuvu ulioenea nchini humo, iangushe mapema kwa kumtumia mtaalamu, maana huvunjika bila onyo. Dhoruba Éowyn ya tarehe 24 Januari 2025, iliyowakatia umeme wateja 768,000, iliangusha na faiba nyingi, na mara nyingi kilichoikata ni mti wa pembeni mwa barabara.

Njia ya chini ndiyo inayoahirisha kazi nyingi. Ndani ya mpaka wa kiwanja chako, bomba ni jukumu lako. Nyumba nyingi za zamani zilizikiwa waya wa shaba moja kwa moja udongoni bila bomba lolote, na mwenye nyumba hagundui hadi siku fundi anapofika, anatikisa kichwa na kuondoka. Tafuta mahali shaba inapotoka ardhini karibu na ukuta. Ikiwa inatoka ndani ya bomba, vizuri. Bado hujui kama bomba hilo ni zima hadi mpakani.

Kulijaribu ni rahisi. Funga kipande cha mfuko mwepesi wa plastiki kwenye uzi mrefu wa nailoni, uweke upande mmoja wa bomba, halafu shikilia kifyonza vumbi upande wa pili na uzibe nafasi zinazobaki kwa kitambaa. Mfuko ukivutwa hadi mwisho, una njia. Tumia uzi huo kuvuta kamba imara na uiache humo, ncha zote mbili zimefungwa. Usipofika, ingiza fimbo ndefu inayopinda hadi inapokwama, itie alama, itoe, kisha ipime juu ya ardhi. Hapo ndipo pa kuchimba. Mara nyingi utakuta kiwiko cha nyuzi 90, mizizi, au bomba lililopondwa na lori la zege wakati wa ujenzi. Usiivute shaba ya zamani ukitumaini itakuvutia waya mpya: ikikatikia ndani umepoteza simu na njia kwa pamoja.

Ukilazimika kuchimba upya, weka bomba la kipenyo cha milimita 50 lenye uso laini ndani. Lizike nusu mita hivi chini ya nyasi, na chini zaidi panapopita magari. Pinda polepole, usitumie viwiko vikali. Mahali penye kona isiyoepukika, au pakiwa parefu sana, jenga shimo dogo la ukaguzi lenye kifuniko. Zika utepe wa tahadhari juu ya bomba kabla ya kujaza udongo wote. Usitumie bomba jekundu, hilo ni la umeme, na kamwe usipitishe faiba ndani ya bomba moja na nyaya za umeme. Piga picha mtaro ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana. Picha hiyo itakusaidia siku mtu mwingine atakapochimba hapo.

Mambo mawili ya ruhusa husahaulika. Kama waya lazima upite juu au chini ya ardhi ya jirani, pata kibali chake kwa maandishi kabla ya kuagiza. Na mpangaji anahitaji idhini ya mwenye nyumba, kwa kuwa ukuta utatobolewa. Barua pepe fupi yenye neno la kukubali inatosha kumwonyesha fundi.

Je, utumie nini kwa sasa? Shaba haitakusaidia ukiwa mbali: laini inayotoka kwenye kabati la barabarani hupoteza nguvu yake nyingi baada ya kilomita moja na nusu, na nyumba iliyo kilomita nne kutoka kituo cha simu hubaki na megabiti chache tu. Jaribu 4G au 5G ya mitandao yote kwa kadi za kulipia kabla, ukisimama dirishani upande wa mnara, kisha ufunge antena ya nje ikihitajika. Antena iliyoelekezwa vizuri huleta faida kubwa kuliko kubadili ruta. Penye mabonde yasiyopata mnara, Starlink inafanya kazi vizuri mradi anga ya kaskazini iwe wazi; mwaka 2021 iliwekwa kwa majaribio katika bonde la Black Valley, kaunti ya Kerry, mahali ambapo kila huduma imechelewa kufika. Kuna pia vituo vya jamii takriban 300, kama shule, kumbi na viwanja vya michezo, vilivyounganishwa mapema chini ya mpango huu. Chochote utakachochagua, kichukue kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Aliyefungwa miezi 24 na huduma ya muda atatazama faiba ikipita mlangoni huku akilipia kitu kingine.

Siku ya kuagiza ikifika, kumbuka NBI haiuzi kwa mteja. Unanunua kwa mtoa huduma: Vodafone, Sky, eir, Digiweb, Pure Telecom, Airwire, Blacknight na wengine wengi. Waya wa faiba ni uleule kwa wote. Tofauti ni bei baada ya ofa kuisha, ubora wa ruta, na kama wanakupa anwani ya IP ya umma, yaani namba yako mwenyewe inayofikika kutoka nje kwenye mtandao. Hili la mwisho linamgusa mfugaji: kamera ya zizi la ng'ombe wanaokaribia kuzaa, ikiwa ni ya aina inayofikiwa moja kwa moja kutoka nje, haitafanya kazi kama mtoa huduma anawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Uliza kabla ya kusaini. Mkataba hauruhusiwi kuzidi miezi 24, na ukinunua kwa simu au mtandaoni una siku 14 za kughairi.

Ufungaji kwa kawaida huchukua saa kadhaa. Nje ya ukuta huwekwa kisanduku kidogo cha kuunganishia, waya unapita kwenye tundu, na ndani hufungwa kisanduku cha faiba, kisha ruta. Chagua mahali pake mapema: soketi mbili za umeme karibu, katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana, mbali na sakafu na mbali na nyuma ya televisheni. Fundi hupendelea pale pa karibu na tundu, kwa hiyo sema mapema. Kabla hajaondoka mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga. Kikiwa kati ya -15 na -22 dBm ni kizuri. Kikikaribia -27 laini itafanya kazi leo na kusumbua baadaye, kwa hiyo asafishe ncha za waya au arudie kiungo. Kiunganishi cha kijani usikifungue. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kupunguza mwanga. Waya mwembamba wa ndani usiukunje kwa pembe kali wala usiupigilie kwa vibanio vya chuma. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: mpigie mtoa huduma wako, maana NBI hupokea hitilafu kupitia kwake.

Wengi hukatishwa tamaa jioni ileile, na kosa si la faiba. Pima kasi kwa kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo. Ikisoma 94 kila mara, kebo ina jozi mbovu na imeshuka hadi megabiti 100, badilisha kebo. Ikisoma 500 kwa kebo na 40 chumbani, tatizo ni Wi-Fi. Kuta za mawe za nyumba za zamani zina unene wa nusu mita na zaidi, na mbao za kisasa za kuzuia baridi zenye karatasi ya alumini huzuia mawimbi vilevile. Vifaa vya kurudia mawimbi havitoshi hapo. Vuta kebo ya Cat6 hadi upande wa pili wa nyumba na uweke kituo cha pili cha Wi-Fi. Kwa ghala au zizi lililo jengo lingine, vuta faiba fupi kati ya majengo badala ya shaba, kwa sababu radi na tofauti ya umeme wa ethi (waya unaoingia ardhini) kati ya majengo huunguza vifaa vya pande zote mbili.

Jambo la mwisho ni la usalama, na halielezwi vya kutosha. Simu ya shaba ilipata umeme kutoka kituoni. Simu ya faiba inatoka kwenye ruta, na umeme wa nyumba ukikatika inazimika. Kama kuna mzee anayevaa kitufe cha dharura, kama vile kilichotolewa chini ya mpango wa Seniors Alert, au kengele ya wezi inayopiga simu, wasiliana na kampuni ya kifaa hicho kabla ya kuhamisha namba. Baadhi yake huhitaji kubadilishiwa kifaa kinachotumia kadi ya simu ya mkononi. Kati ya kituo na nyumba yako, mwanga hupita kwenye vigawanyaji visivyohitaji umeme, kwa hiyo kama waya haujakatika na kituo kina akiba, unachohitaji ni kuwasha visanduku vyako viwili tu. Vyote pamoja hutumia wati 15 hadi 20. Betri ya wati-saa 300 huviendesha zaidi ya saa kumi. Ichaji mara tu Met Éireann, idara ya hali ya hewa, inapotoa onyo la upepo la rangi ya chungwa.